Mguu wa Kaka na Kadi ya Bima

Kidole cha kwanza cha mguu wa kaka yangu kilikatwa bila maswali. Alitoa kadi yake ya bima ya afya, zile za watumishi wa serikali ambazo wakati huo zilikuwa bado mpya na watu wanazifunga kwenye nailoni zisichakae. Wakaiandika, wakagonga mhuri, wakamwingiza chumba cha upasuaji, akatoka na vidole vinne. Hakuna aliyesema ngoja kwanza tupige simu. Siku ile niliisifia kadi ile soko zima la Kiboriloni, nikawaambia watu nchi imeanza kupata akili. Nikikumbuka nilivyoisifia naona aibu.

Najua mtauliza, huyu muuza mitumba anajua nini habari za bima? Basi nijieleze. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu Marangu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba pamoja na migomba na kahawa inayoizunguka. Sisi wa katikati tunapewa baraka. Baraka haipikwi. Niliishia darasa la nne, nikateremka mjini na suruali moja. Wakati ule maduka yalikuwa na rafu tupu, na wenye vyeti wao walikuwa wanapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Mimi sabuni ile nilikuwa naitoa Taveta, ng'ambo ya mpaka, nimejitwisha kichwani, nakatiza mapori. Ruhusa ya biashara ilipokuja, wengine wakabaki kushangaa waanzie wapi. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Nenda Kiboriloni leo uliza nani alifungua belo la kwanza la makoti ya baridi, wataninyooshea kidole, na wasiponinyooshea basi umemuuliza mgeni. Nina nyumba mjini. Nina nyumba nyingine Marangu, kwenye shamba nililonunua mwenyewe, imepakana kabisa na kihamba ambacho sikupewa. Yangu ina vigae. Ya kaka ina bati.

Lakini kaka ni kaka. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, halafu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na wa sigara. Sigara aliianza chuo cha ualimu, ikawa kama sehemu ya mkono wake. Krismasi tunapopanda wote nyumbani, mbuzi nanunua mimi, na nanunua beberu ambaye jirani lazima asimame kumtazama. Mwenye kushika kisu ni kaka. Yeye ndiye anayegawa: hiki cha mama, hizi mbavu za fulani, hiki cha shangazi. Mbuzi wa kwangu, lakini nyama napewa, na naipokea kwa mikono miwili. Ndivyo tulivyokuta. Mkubwa akitoa, mdogo anapokea, na kugeuza mambo hayo ni kama kumvua mtu nguo kanisani.

Kidonda cha kile kidole kikagoma kupona. Nikampeleka kwa pikapu yangu kurudi hospitali kubwa ya mjini. Daktari alikuwa mama mmoja kijana asiye na mzunguko. Akamwambia, "Mwalimu, mishipa ya mguu huu inaziba, na kinachoiziba ni sigara. Ukiacha, mguu tunaweza kuuokoa. Usipoacha, safari ijayo nakata hapa." Akapitisha kidole chini ya goti.

"Daktari, kuacha najua sana," kaka akasema. "Nimeacha mara nyingi kuliko mtu yeyote Marangu. Kinachonishinda ni kesho yake."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kuna plasta za dawa, unabandika mkononi asubuhi, zinaipunguza ile hamu kidogo kidogo mpaka mwili unasahau. Akaandika. Tukaenda dirisha la dawa. Binti akatazama karatasi, akatazama kadi, akairudisha.

"Hii bima hailipi."

Basi tukaenda ofisini kwao, kaka na fimbo yake, mimi na hasira zangu. Tukamkuta kijana mwenye tai, mpole, mpole kupita kiasi. Upole wa namna ile unanikera kuliko matusi, kwa sababu matusi najua kuyarudisha.

"Shikamooni wazee. Mwalimu, hii dawa haimo kwenye orodha yetu."

"Kwa nini haimo?" kaka akauliza.

"Kuvuta sigara si ugonjwa, mwalimu, ni tabia. Sisi tunalipia magonjwa."

Mimi nikaingia. "Na mguu ukioza, hiyo nayo ni tabia?"

"Mguu ni ugonjwa, mzee. Mguu tunalipa."

"Mnalipa kuukata."

"Upasuaji umo, ndiyo."

"Na plasta ya kuzuia usikatwe?"

"Haimo."

"Kijana, kati ya plasta na msumeno, kipi bei rahisi?"

"Mzee wangu, mimi sikuandika orodha."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoichukia kuliko zote za Kiswahili. Nimeisikia mpakani, nimeisikia kwenye leseni, nimeisikia kwenye ushuru wa soko. Kila mtu yupo, ila aliyeandika hayupo. "Hao walioandika," nikamwambia, "wana miguu?" Akatabasamu. Nikapiga meza yake mpaka kalamu zikaruka, na kaka akanivuta koti kama ananitoa disko.

Hebu fikirini nanyi. Mshahara wa kaka yangu ulikuwa unakatwa kila mwezi kwa ajili ya bima kabla haujafika mkononi. Hakuombwa, alikatwa. Kwenye kila pakiti ya sigara aliyonunua, serikali hiyohiyo ilichukua kodi yake. Kwa hiyo akivuta wanakula kodi, asipovuta wanakata mshahara, na akisema jamani nisaidieni niache, wanamwambia hiyo ni tabia yako. Kama mimi nikiuza koti lenye tundu namna hiyo, Kiboriloni wananipiga mawe.

Nje ya ofisi nikamwambia, "Kaka, achana na hawa. Plasta nitaziagiza mimi."

"Hapana."

"Pesa ninayo."

"Najua unayo, kila mtu anajua unayo, unatangaza kuliko redio. Hapana. Mimi nakatwa mshahara. Nitatibiwa kwa makato yangu, sitatibiwa kwa kafa-Ulaya."

Kafa-Ulaya ni jina la zamani la mitumba, la dharau, maana watu walisema ni nguo za wazungu waliokufa. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, watu wanapita.

"Shati hilo ulilovaa limetoka kwangu!"

"Nililinunua."

"Kwa bei ya undugu!"

"Nililinunua," akasema, akatoa pakiti mfukoni, akawasha moja mbele yangu, kwenye mlango wa bima.

Nilikwenda kwa mama yetu, pale nyumbani kwa kitinda mimba, nikamkuta anamenya ndizi za mtori. Nikamwambia mwanawe wa kwanza atakatwa mguu kwa sababu ya kiburi. Mama hakusimamisha kisu. "Yeleuwi," akasema, "wewe nawe hujui kaka yako? Kutoka kwako hawezi kupokea. Angepewa na mgeni angepokea." Akaendelea kumenya. Yeye alikuwa analalamika tu. Mimi nikaona njia.

Mjini, karibu na kituo cha mabasi, kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la dawa ambako walimu wengi walichukua dawa kwa kadi zao. Tulifahamiana kwa biashara, alikuwa ananunua kwangu sweta za watoto, akiniita Mangi kama wateja wote wanavyotuita sisi wafanyabiashara wa Kichaga.

"Mama," nikamwambia, "nataka unisaidie kusema uongo."

"Uongo wa namna gani? Bei zinatofautiana."

Nikamweleza. Aagize plasta Nairobi, gharama zangu. Kaka akija, amwambie daktari ameomba na bima imekubali. Apokee kadi, aandike namba, amsainishe, kisha karatasi aitupe.

"Mangi, watu huwa wananiomba niidanganye bima. Wewe ni wa kwanza kuniomba nimdanganye mgonjwa kwamba bima ina utu."

Ikafanyika. Na sasa sikilizeni ilivyo kazi kuwa na kaka msomi. Jumapili baada ya misa akanikamata nje ya kanisa, amesimama wima, fimbo ameiweka kwapani.

"Unaona? Wewe ulitaka kunifanya ombaomba. Niliwaandikia barua, ya kurasa nne, na wamekubali. Haki inafuatwa, mdogo wangu, kwa maandishi na kwa subira. Haifuatwi kwa kupiga meza."

Barua! Nina hakika barua ile ilifungiwa maandazi. Nilitaka kumwambia pale pale, mbele ya padri. Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kufanya jambo jema bila kulitangaza, nilisimama pale nikasema, "Hongera, kaka."

Plasta zikafanya kazi. Haikuwa rahisi. Alikuwa mkali kama mbwa wa kufungwa, walisema darasani anatafuna chaki, na shemeji alimkimbia akakaa kwa mama mpaka ghadhabu zikapungua. Lakini havuti. Kidonda kikaanza kushika nyama nyekundu, safi, pembeni, kikaja kikiziba kuelekea katikati. Daktari akampiga picha za mishipa, akamwambia endelea hivyo hivyo, mwalimu, msumeno nimeufungia kabatini.

Kama kaka angekaa kimya, hadithi ingeishia hapo. Lakini mwalimu hakai kimya, na sisi wote ukoo wetu hatuwezi kushinda bila kuonyesha. Akaingia ofisi ya walimu, akakunja shati, akawaonyesha plasta mkononi kama medali. Akawaambia bima inalipa, ni kufuata tu haki yako. Kulikuwa na mwalimu mwenzake wa hesabu, rafiki yake, wamechangia kiberiti kimoja miaka yote, naye kifua kilikuwa kinamkoroma ukimsikia unafikiri gari la taka linapanda Marangu. Huyo hakungoja kesho. Akateremka na kadi yake mpaka duka la dawa.

Yule mama akamwambia zimeisha. Akarudi wiki iliyofuata, zimeisha. Akarudi na walimu wengine, kila mmoja na kadi. Mwisho wakatoka hapo wakaenda ofisi ya bima, na yule kijana mwenye tai akawaambia, kwa upole wake, kwamba ofisi yao haijawahi kulipia plasta ya mtu yeyote.

Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimefungua belo la makoti, kina mama wamenizunguka, wengine wameshaingia ndani ya makoti na viatu vyao.

"Mangi, hili mwisho ngapi?"

"Hilo kwa wewe nitakula hasara."

"Kila siku unakula hasara na tumbo linaongezeka!"

Wakacheka, na katikati ya kicheko kile nikaona fimbo, kisha kaka. Amepanda magari mawili kunifuata. Hakunisalimu.

"Nani alinunua?"

Nikajua. "Kaka, twende ndani."

"Hapa hapa. Nani alinunua?"

"Mimi."

Akakunja shati, akaing'oa plasta, ikatoka na vinyweleo, akaibandika kwenye koti lililokuwa mkononi mwangu. "Umenifanya mwongo mbele ya wenzangu. Nimewapeleka watu wazima wakaaibike kwenye kaunta na kadi zao mkononi. Nimesimama mbele yako nikajisifia barua, na wewe unanitazama unacheka moyoni!"

"Sikucheka! Mguu wako ulikuwa unaoza!"

"Ni mguu wangu!" Akamgeukia jirani yangu wa kibanda. "Nipe sigara."

"Mwalimu, mimi nauza viatu," yule maskini akajibu, amekumbatia raba.

Pale nilipiga kelele. "Atakayempa sigara mtu huyu, tutajuana!" Lakini soko ni soko. Mwenye kutembeza karanga na sigara alikuwa anapita, na kwake mteja ni mteja. Kaka akanunua moja, akawashiwa. Akavuta kifua kizima, akanipulizia mimi.

"Vuta!" nikamwambia. "Vuta, kaka! Wanakusubiri! Msumeno umelipiwa, kitanda kimelipiwa, umo kwenye orodha! Ila usiponipa mimi nafasi ya kukununulia plasta, wale watakununulia magongo ya kutembelea!"

Kina mama wakavua makoti taratibu, wakaondoka. Sikuuza kitu siku ile.

Nilipofika nyumbani sikula. Sikuwa na kosa, na hata leo sina, atakayesema nina kosa tuonane. Lakini mguu ulikuwa unarudi kwenye msumeno kwa sababu yetu wawili, na kati yetu wawili mwenye uwezo wa kuinama nilikuwa mimi. Kesho yake nikapanda Marangu. Kwenye mpaka wa shamba langu na kihamba cha ukoo kuna masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani na kwenye makaburi. Kwetu ukimkosea mtu, ukimpelekea jani la sale, hana ruhusa ya kukukatalia. Anaweza kukutukana, lakini lazima apokee. Mimi nilikuwa sijawahi kumpelekea mtu. Nilikuwa nasema wanaopeleka ni wasio na pesa ya kulipa faini.

Nilimkuta ameketi uani, mguu kwenye kigoda, bandeji imelowa kidogo. Kwenye majivu ya jiko niliona vipisi. Nikashika jani kwa mikono miwili, nikamnyooshea, nikatazama chini.

Kuku wakaanza kunidonoa viatu.

"Yaani unaniomba msamaha kwa kunitibu."

"Ndiyo."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo, kaka."

Akalipokea. Akalizungusha vidoleni kama sigara, akaligundua hilo, akaliweka mapajani. "Plasta zimebaki?"

"Zimebaki, kwa yule mama."

"Zilete. Nitazibandika nikijua ni zako. Na Krismasi, nikiwa nagawa nyama, usithubutu kunitazama usoni."

Nikazileta siku hiyo hiyo. Plasta zikaisha, na zilipoisha hakurudia. Kidonda kikafunga, kikaacha kovu kama kifungo cha shati. Krismasi nilipewa mbavu, nikazipokea nikitazama moto.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi sikuridhika, na kaka naye hakuridhika, maana yule mwalimu wa hesabu alikuwa bado anakoroma. Shule ilipofungwa tukamchukua, tukarudi watatu kwenye ile ofisi. Kijana alikuwa yule yule, tai nyingine. Kaka hakukaa. Alivua kiatu, akavua soksi, akapandisha mguu juu ya kaunta, kati ya kalenda na kikombe cha chai.

"Mwalimu, tafadhali, shusha mguu. Kuna wateja."

"Nashusha. Kwanza nijibu. Hapa palipo wazi, kukata mlilipa?"

"Tulilipa, mwalimu."

"Na hivi vinne vilivyobaki, kuvibakiza amelipa nani?"

Kijana akasogeza kikombe chake. Kaka akanyoosha fimbo kunielekea, sauti yake ya darasani, foleni nzima ikasikia. "Huyu. Muuza mitumba. Darasa la nne."

Nimesifiwa maishani, mara nyingi na mimi mwenyewe, lakini sijawahi kusifiwa vile.

"Sasa huyu mwenzangu," kaka akaendelea, "anakatwa kama mimi. Mlipieni plasta."

"Mwalimu, orodha ni ile ile." Kijana akamgeukia mwalimu wa hesabu, kwa upole, Mungu amlaani kwa upole wake. "Kifua kikizidi, mzee wangu, usikae nyumbani. Njoo na kadi. Kulazwa kumo."

Tulitoka. Mwalimu wa hesabu alisimama kwenye ngazi, akakohoa mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kukohoa akatoa sigara. Kaka akarudi nyuma hatua, akaziba pua, macho yameifuata ile sigara.

"Msihangaike," mwenzake akasema, anatafuta kiberiti. "Mwalimu ana mdogo wake Kiboriloni. Mimi mdogo wangu analima vitunguu."

Nilimnunulia. Msidhani sikumnunulia. Lakini nauza makoti mimi, sikati mshahara wa mtu, na walimu wa wilaya nzima siwezi kuwabandika plasta wakati waliokusanya pesa zao wamekaa kwenye viti vya kuzunguka. Nilifika kwa yule mama wa duka la dawa na hasira zangu, nikamwambia aagize nyingine.

"Na huyu naye tumdanganye?" akauliza.

"Huyu mwambie ukweli," nikamjibu. "Mwambie bima imekataa. Halafu nitaje mimi kwa jina, kwa sauti, dukani hapa, watu wakiwa wamejaa."